Uliza Mwalimu wa Mawe: Tope la Chimala huwa linaishia wapi?

Mwezi huu barua karibu zote ni za maji na matope, si ajabu, mvua zimepiga kweli huku juu. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu mpaka mhariri kaguna, hizo zingine nimepita haraka mana kiini ni kilekile.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mkulima wa mpunga huku Chimala, Mbarali. Juzi mvua ilivyonyesha milimani mto ulishuka rangi ya chai ya maziwa, banio letu likajaa mchanga, tukashinda siku mbili na makoleo. Kijana wangu anasoma diploma ya mambo ya madini yuko likizo, akaniambia baba usilalamike, mchanga wa mito kama huu ndo unaenda baharini na gesi ya kule kusini imekaa ndani ya mchanga wa namna hiyo, chini ya bahari kwenye kina cha kilomita mbili na zaidi. Nikamuuliza mto ukifika baharini si unakufa? Maji yanasimama, mchanga unadondoka palepale mlangoni, sasa nani anaubeba mpaka huko kwenye kina? Akanijibu "bahari ilishuka". Basi. Sikumwelewa na nadhani na yeye hajielewi. Tumebishana mpaka mama yake akazima taa. – Mkulima, Chimala

JIBU: Marahaba ndugu yangu, na pole kwa koleo. Kwanza mpe kijana haki yake, hajadanganya, ila amekupa jibu la mtihani, maneno mawili, na swali lako wewe ni zuri kuliko jibu lake. Mana ni kweli mto ukifika baharini unakufa, na hapo ndo penye kazi yote.

Tuanzie kwenye banio. Maji yanabeba kwa sababu yanakimbia. Yakipunguza mwendo yanashusha mzigo, na yanashusha kwa zamu, kwanza mawe, alafu kokoto, alafu mchanga, mwisho tope lile laini ambalo likikaa kwenye ndoo unalikuta bado linaelea kesho yake. Ndo mana pale mto unapotoka milimani unakuta mawe ya kukalia, ukishuka huku kwenye majaruba unakuta udongo wa kufinyangia. Banio lako limejaa mchanga kwa sababu umesimamisha maji, huna kosa, ndo kazi ya banio.

Sasa nisikufiche: tope lako la juzi haliendi baharini, au tuseme kitakachofika ni kidogo mno. Chimala, Kimani, Mbarali, Ndembera, yote inaingia bonde la Usangu ambalo ni bapa kama kiganja, mto unachoka, unaingia Ihefu kwenye majani na matete, na Ihefu ni chujio. Maji yanatokea pale N'giriama, yanapita hifadhi ya Ruaha (na tangu 1993 kiangazi yamekuwa yakikatika kabisa kule hifadhini, hiyo ni kesi nyingine na tukiifungua hapa tutagombana wakulima wote), yanaingia bwawa la Mtera, alafu Kidatu, alafu Ruaha Mkuu unaungana na Rufiji na sasa hivi kabla haujapumua unakutana na bwawa la Julius Nyerere ambalo walianza kulijaza Desemba 2022. Bwawa ni banio kubwa tu. Kwaiyo mzigo wa milima ya Kipengere una vituo vinne au vitano vya kushushwa kabla hata haujanusa chumvi.

Ila kabla ya mabwawa, na kwa maelfu ya miaka, Rufiji ilikuwa inashusha mzigo mpaka mwisho, na ushahidi upo, ile delta yake inayotazamana na kisiwa cha Mafia, yenye mikoko mingi kuliko sehemu yoyote ya pwani yetu, imejengwa kwa mchanga na tope lililotoka huku kwetu na Kilombero na kwingine. Umeona hapo? Ulichosema ndicho kilichotokea: mto ulifika, ukafa, ukashusha mlangoni. Sasa swali lako linabaki palepale, nani anatoa mchanga mlangoni?

Hapa lazima nikueleze bahari ilivyo chini, mana wengi wanadhani ukiingia tu ufukweni inaenda inazama inazama mpaka kwenye kina. Hapana. Bahari ina kibaraza. Fikiria nyumba yenye baraza pana, unatoka mlangoni unakanyaga baraza, bapa, inainama kidogo sana hata hujui, unatembea mpaka ukingoni, ndo unakuta ngazi za kushuka uani. Bara nalo lina baraza lake limefunikwa na maji, kina cha makumi ya mita tu, na ukingo wake mara nyingi uko kwenye mita 120 mpaka 200 hivi. Ukivuka ukingo unashuka mteremko mkali mpaka uani, na uani ni mita 3,000, 4,000. Kwetu Tanzania kibaraza ni chembamba sehemu nyingi, kilomita chache tu, ila kimepanuka pale Unguja na pale Mafia, na visiwa hivyo viwili vimekaa juu ya baraza kama watu wanaocheza bao. Pemba hapana, Pemba imekaa nje, kati yake na bara kuna mfereji wa mamia ya mita.

Kwaiyo leo hii Rufiji inamwaga mlangoni mwa nyumba, na kati ya mlango na ngazi kuna baraza zima. Mchanga hauwezi kulivuka kwa miguu yake. Mawimbi yanausogeza huku na huku, yanatengeneza mafungu, basi. Tope nalo lina shida yake. Maji ya mto ni mepesi kuliko maji ya chumvi, hata yakiwa machafu yanatandaa juu juu kama mafuta juu ya mchuzi, na mkondo wa pwani unaoelekea kaskazini unayasukuma pembeni. Ili maji ya mto yawe mazito mpaka yazame chini ya bahari yanatakiwa kubeba karibu gramu 40 za udongo kwenye kila lita, yaani uji kabisa, mito michache sana inafika hapo na ni siku chache za mafuriko. Na tope likikutana na chumvi linagandana vidonge vidonge linazama karibu, hiyo ndo mikoko inaipenda.

Sasa "bahari ilishuka". We mwenyewe umeshaliona hili shambani kwako ila hukuliita hivo. Umejaza majaruba, maji yametulia, mchanga unaoingia na mfereji unadondoka pale mfereji unapokutana na jaruba na unatengeneza kilima kama ulimi. Hiyo ndo delta. Alafu siku ya kukausha unatoboa tuta la chini, maji yanashuka. Angalia mfereji utakavyofanya. Ule ulimi wa mchanga umebaki juu, pakavu, maji hayapiti tena juu yake kwa upole, yanaukata, yanachimba kajifereji kembamba katikati, na kuchimba kwenyewe kunarudi nyuma kuelekea juu, kila dakika kanapanda, na ule mchanga uliokuwa umeshatulia unabebwa upya unaenda kumwagwa mbali kule maji yalikobaki. Hujaongeza mvua. Hujaongeza mchanga. Umeshusha tu usawa wa maji. Mimi darasani nilikuwa nachora michoro mitatu kuelezea hili na wanafunzi wanasinzia, siku nilipowapeleka kwenye jaruba la mzee mmoja jirani na shule hakuna aliyesinzia, ila tulilipa fidia ya tuta.

Miaka kama 20,000 iliyopita bahari ilikuwa chini kwa mita 120 hivi kuliko leo, wengine wanasema mpaka 130. Yaani kibaraza karibu chote kilikuwa nje, nchi kavu, majani, miti, wanyama. Unguja ungeenda kwa miguu na Mafia vilevile. Hii sio hadithi, kwenye pango la Kuumbi kusini mashariki ya Unguja wachimbuaji wamekuta mifupa ya pundamilia, na pundamilia haogelei kutoka Bagamoyo. Pemba yenyewe ilibaki kisiwa mana mfereji wake ni mrefu kwenda chini, na ndo mana ina popo wake na bundi wake ambao hawapo kwingine duniani.

Sasa weka Rufiji kwenye hiyo picha. Mlango wa bahari haupo tena pale ulipo, umehamia ukingoni mwa baraza. Mto unavuka baraza lote kavu, unakata bonde katikati yake kama kale kajifereji kako, unabeba mchanga wake pamoja na mchanga wa zamani uliokuwa umelala hapo, na unamwaga wapi? Juu ya ngazi. Hapo ndo jibu la swali lako lilipo. Mto wenyewe haukufika kwenye kina, umefikisha mzigo ukingoni tu, kilichobaki kinafanywa na mteremko.

Na mteremko unafanyaje, hii ndo sehemu ninayoipenda. Mchanga na tope vinarundikana ukingoni, vimelowa, vimekaa vibaya, kinatokea kitu kidogo, mafuriko, tetemeko, mawimbi, au uzito wake tu, rundo linakatika. Likishachanganyika na maji linakuwa maji mazito, na maji mazito ndani ya maji mepesi yanakimbia chini chini kwenye sakafu kama mto ndani ya bahari. Jaribu hivi leo jioni: chai ya rangi ya moto kwenye glasi, iache itulie, alafu mimina maziwa baridi taratibu yakishuka kwenye ukuta wa glasi. Yanazama yanakimbilia chini yanatandaa, juu bado chai nyeusi. Ni hivo hivo, ila huko baharini mkondo ukikimbia unachimba sakafu, unaokota mchanga mwingine, unazidi kuwa mzito, ukizidi kuwa mzito unazidi kukimbia. Umechimba makorongo chini ya bahari ambayo mengine ni marefu na yana kina kuliko makorongo yoyote ya huku juu. Ukifika uani kwenye tambarare unachoka, unatandaza mzigo kwa umbo la kipepeo, nasemea kile cha kupepea jiko la mkaa sio mdudu. Chini unalala mchanga mnene, juu yake laini, juu kabisa tope. Kesho kutwa, au baada ya miaka mia, unakuja mwingine unalala juu yake. Kipepeo kikubwa kuliko vyote ni cha ghuba ya Bengal, tope la Himalaya lililoshushwa na Ganges na Brahmaputra, kina urefu wa kilomita kama 3,000, chukua Mbeya mpaka Dar mara tatu na bado ina chenji.

Tulijuaje mambo yanayotokea gizani chini ya kilomita nne za maji? Kwa simu kukatika. Tarehe 18 Novemba 1929 kulikuwa na tetemeko la 7.2 nje ya pwani ya Newfoundland, Kanada, na chini ya bahari kulikuwa na nyaya za telegrafu kati ya Marekani na Ulaya. Nyaya kumi na mbili zilikatika. Zile za karibu na tetemeko zilikatika palepale, sawa, lakini zile za chini zaidi zikaendelea kukatika moja baada ya nyingine kwa mpangilio, ya mwisho zaidi ya masaa 13 baadaye, na makampuni yalikuwa na muda kamili wa kila mmoja. Watu walikaa na hiyo orodha zaidi ya miaka 20. Mwaka 1952 wanasayansi wawili wa Marekani, Bruce Heezen na Maurice Ewing, wakaja kusema tetemeko haliwezi kukata waya masaa 13 baadaye, kuna kitu kilikuwa kinateremka, na kwa kupiga hesabu ya umbali na muda wakapata kasi, zaidi ya kilomita 60 kwa saa kwenye sehemu kali. Kwa mkondo wa tope hiyo ni kasi ya basi.

Haya, sasa turudi kwa kijana wako, mana hapa ndo nataka kumvuta sikio kidogo. Hii habari ya bahari kushuka ilipata nguvu sana kuanzia 1977, Peter Vail na wenzake waliokuwa kampuni ya mafuta ya Exxon, walisoma picha za mitetemo ya miamba chini ya bahari wakaona tabaka zinajipanga kwa mizunguko, bahari ikishuka mchanga unaenda kwenye kina, ikipanda mchanga unabaki mlangoni na kwenye kina linadondoka tope tu. Ni wazo zuri, limetafuta mafuta dunia nzima, mimi mwenyewe nimelifundisha. Lakini watu wakaligeuza kuwa amri. Wanafunzi wanakariri bahari chini mchanga chini, bahari juu mchanga juu, nukta. Bahari yenyewe haijasoma hizo notisi.

Angalia Kongo. Leo bahari iko juu, si ndio? Kwa amri hiyo mto Kongo ungekuwa unamwaga mlangoni tu. Kumbe mto Kongo una korongo la chini ya bahari ambalo kichwa chake kimeingia mpaka ndani ya mdomo wa mto, kilomita kama 30, yaani hakuna baraza, mtu akitoka mlangoni anakanyaga ngazi. Mwisho wa 2019 kuingia 2020 kulikuwa na mafuriko makubwa kule, na tarehe 14 Januari 2020 mkondo wa tope ukaanza safari kwenye lile korongo, ukaenda zaidi ya kilomita 1,100, siku mbili na zaidi, ukang'oa vyombo vya watafiti na kukata nyaya za intaneti za pwani ya magharibi ya Afrika. Na kasi yake ilikuwa inaongezeka kadiri unavyoenda, kutoka mita 5 kwa sekunde mpaka 8, yaani karibu kilomita 29 kwa saa, bodaboda mwenye adabu. Bahari haikuhitaji kushuka hata sentimita moja.

Na sio Kongo peke yake. Ganges na Brahmaputra bado wanapeleka tope kwenye kina kwa kupitia korongo lililokata baraza lao. La Jolla kule California korongo limefika karibu kabisa na ufukwe, mchanga unaosukumwa na mawimbi kandokando ya pwani unatumbukia humo leo hii. Kwaiyo mimi nikiulizwa ni nini kinaamua nasema ni umbali kati ya mdomo wa mto na ukingo wa ngazi. Bahari ikishuka umbali huo unafupika kwa wote kwa pamoja, ndo mana ina sauti kubwa. Lakini unaweza kufupika kwa njia zingine: baraza likiwa jembamba tangu mwanzo, korongo likijichimba kurudi nyuma mpaka likakamata mdomo wa mto, au mto ukiwa na mzigo mwingi kiasi kwamba unajaza baraza lote mpaka unafika ukingoni wenyewe, kama mtu anayemwaga kifusi mpaka gari linapita. Na mzigo unatoka milimani. Nchi ikiinuka, mito inapata mteremko, inachimba, inabeba. Afrika Mashariki iliinuliwa, ndo mana leo unakaa Mbeya unavaa koti mwezi wa saba, na huko kuinuka kuliongeza mchanga na tope lililoshuka pwani bila kumuuliza bahari.

Gesi sasa, kwa ufupi. Kijana yuko sawa kwamba visima vya bahari kuu vilivyochimbwa kuanzia 2010, vile vyenye majina ya sokoni, Pweza, Chewa, Jodari, Zafarani, Lavani, vimekuta gesi kwenye miamba ya mchanga iliyoshushwa kwenye kina namna hii niliyoeleza, mingine ya zama za dinosaria na mingine ya baadaye sana. Zafarani maji tu peke yake ni zaidi ya mita 2,000 kabla hujagusa udongo. Ila asichanganye: mchanga hautengenezi gesi. Mchanga ni ghala, una vitundu, gesi imepikwa kwenye miamba mingine chini zaidi ikapanda ikaingia humo, na lile tope laini lililolala juu ndo mfuniko wa sufuria. Ukikosa mfuniko gesi ilishaondoka zamani. Kwaiyo hata tope mnalolitukana pale kwenye banio lina kazi yake. Na mchanga huo ni wa mito ya kale, ilipita njia zake kabla Ruaha haijawa hii unayoijua.

Mwambie pia ajaribu lile la chai na maziwa mbele ya mama yake, labda taa itabaki inawaka.

SWALI: Kamwene mwalimu! Mimi niko kidato cha tatu hapa Iringa. Ulishawahi kuandika kwamba bahari ilipungua zaidi ya mita mia. Hayo maji yote yalienda wapi, yalikauka? Na yatarudi kupungua? – Dada wa form three, Iringa

JIBU: Kamwene mjukuu wangu. Hayakukauka, yaliganda. Maji ya bahari yanapaa kila siku, yanadondoka kama mvua au theluji, na mito inayarudisha. Kipindi kile Kanada yote karibu na kaskazini ya Ulaya vilifunikwa na barafu yenye unene wa kilomita tatu sehemu nyingine, theluji inadondoka haiyeyuki, hairudi baharini, mwaka baada ya mwaka. Ni kama kijiji kizima kichote kisimani kila mtu ajaze pipa lake na asimwage hata tone. Barafu ilipoyeyuka bahari ikapanda, sio taratibu wakati wote, na ilikuja kutulia karibu na hapa ilipo miaka kama 7,000 iliyopita, ndo mana delta nyingi kubwa za leo umri wake unaanzia kipindi hicho hicho, zilisubiri bahari iache kukimbia. Mizunguko hiyo imejirudia kila miaka 100,000 hivi. Kwa sasa haipungui, inapanda, milimita nne na ushee kwa mwaka, na safari hii sababu ni joto tunaloliongeza sisi.

SWALI: Ndaga fijo mwalimu kwa safu yako. Huku Matema tuna ziwa, sio bahari. Kiwira na Mbaka na Lufilyo zinaingia na tope kila masika lakini ziwa linabaki maji masafi ukienda mbele kidogo. Je ziwani nako kuna hizo ngazi? – Mvuvi, Matema

JIBU: Ziko, na kwenu ni kali kuliko za baharini! Ukisimama Matema ukaangalia milima ya Livingstone inavyoanguka wima kwenye maji, jua kwamba inaendelea kuanguka hivo hivo chini ya maji, upande ule baraza hakuna kabisa. Upande wa Kyela ndo kuna tambarare, na hiyo tambarare mnayolimia mpunga wenyewe mito hiyo ndo imeijenga, pamoja na Songwe.

Na kuna tofauti moja kubwa na bahari. Ziwa halina chumvi. Nimesema kwenye jibu la kwanza kwamba maji ya mto yanaelea juu ya bahari, basi kwenu hayaelei, maji ya Kiwira yanatoka Rungwe yana baridi na yana tope, ni mazito kuliko maji ya ziwa yaliyopigwa jua, yakifika yanapiga mbizi. Ule mstari unaouona pale mdomoni, rangi ya kahawia inakatika ghafla na mbele ni bluu, watu wanasema ziwa limekataa uchafu. Halijakataa, uchafu umepita chini ya mtumbwi wako. Unaenda chini mpaka kwenye kina, na kina cha Nyasa ni mita 700 hivi.

Alafu ziwa nalo limeshashuka, tena kushinda bahari. Mwaka 2005 watafiti walichoronga sakafu ya Nyasa upande wa Malawi wakatoa nguzo ndefu za tope, na kwa kusoma tabaka wakakuta kwamba kati ya miaka 135,000 na 75,000 iliyopita kulikuwa na ukame mkubwa uliojirudia na ziwa likashuka zaidi ya mita 500. Fikiria Matema ingekuwa wapi. Hapo barafu haihusiki, ziwa linashuka kwa sababu mvua ndogo na jua kali, kwaiyo mtu wa bahari na mtu wa ziwa wanaweza kuona mchanga umeenda kwenye kina kwa sababu mbili tofauti kabisa. Humo kwenye tabaka kuna na majivu ya volkano zetu, Rungwe ililipuka vikubwa miaka kama 4,000 iliyopita na majivu yake yamelala chini ya ziwa kama karatasi ya alama kwenye kitabu, ukilikuta unajua uko ukurasa gani.

SWALI: Mzee habari, mi ni dereva wa tipa, nabeba mchanga wa Ruaha Mdogo karibu na Iringa. Kuna jamaa kijiweni kasema tunaiba mchanga wa bahari, eti fukwe zinaisha kwa sababu yetu. Kweli? – Dereva, Iringa

JIBU: Nzuri mwanangu. Huyo jamaa ana wazo sahihi sehemu isiyo sahihi. Ipo mito ambayo mchanga wake ukichotwa au ukizuiwa na bwawa fukwe zinaliwa, Misri baada ya bwawa kubwa la Aswan delta ya Nile ilianza kuliwa na mawimbi. Ila Ruaha Mdogo unaingia Ruaha Mkuu alafu Mtera, mchanga wako ungeishia bwawani hata usingeugusa. Madhara yako yako hapo hapo unapochota: ukichimba shimo mtoni, mto unafanya kama lile jaruba lililotobolewa, unajichimba kurudi juu, kingo zinadondoka, na nguzo za daraja la juu yako zinabaki miguu nje. Sheria ya mazingira ya 2004 inataka shughuli za namna hii zikae mita 60 kutoka ukingo wa mto, na kibali kaulizie ofisi za bodi ya maji ya bonde la Rufiji, zipo hapo hapo Iringa mjini.

Aliyeuliza kuhusu maji ya moto ya Songwe, barua nimeiona, toleo lijalo. Na yule aliyetuma jiwe kwenye bahasha kwa basi, lilifika, bahasha haikufika.